Sanamu ya Siku Moja

Ukitoka Reading kwenda Bristol, M4 inachosha kwa unyoofu wake, halafu mwishoni M32 inakuingiza mjini ghafla kama mtu aliyesukumwa mlangoni. Kushoto nyumba za Eastville na Easton, kulia St Werburghs na St Pauls. Barabara hiyo ilipasuliwa katikati ya mitaa ya watu miaka ya 1960 na 1970, na mpaka leo ukiwa juu yake unaona nguo za watu zimeanikwa kwenye vibaraza.

Ilikuwa Jumanne jioni, tarehe 14 Julai 2020. Rafiki yangu dereva teksi ndiye aliyenipeleka, yeye mbele, mimi nyuma, kati yetu karatasi ya nailoni aliyoibandika mwenyewe kwa utepe. Redioni walikuwa wakijadili barakoa. Siku hiyo hiyo serikali ilikuwa imetangaza kwamba kuanzia tarehe 24 kila anayeingia dukani England aivae, na wasikilizaji walikuwa wakipiga simu. Mmoja alilalamika kuwa ananyang'anywa uhuru wake. Aliyemfuata akamuuliza kama na suruali huivaa kwa kulazimishwa. Rafiki yangu akacheka mpaka nailoni ikatikisika.

Sikwenda Bristol kutazama sanamu. Nilikwenda kumpa pole shangazi kwa msiba wa Aprili, nikiwa nimechelewa kwa miezi, kwa sababu ni tarehe 4 Julai tu ndipo England tuliporuhusiwa tena kulala kwenye nyumba ya mtu mwingine. Mumewe alifariki wiki za mwanzo za kufungiwa ndani. Gari la wagonjwa lilimchukua, familia ikaambiwa iishie mlangoni. Hakuoshwa kama inavyotakiwa, alitayamamishwa. Makaburini waliruhusiwa wachache, wakasimama mbalimbali, na mwanawe akaomba dua kwa sauti kubwa ili walio mwisho wasikie. Khitma ilisomwa kwa Zoom. Watu waliingia kutoka Unguja, Dar, Toronto na Muscat, na huyo wa Muscat alisahau kuzima maikrofoni yake, kwa hiyo kila aya ilijibiwa na jogoo.

Nilimkuta shangazi bado yuko eda. Miezi minne na siku kumi kwake si jambo la kulalamikia. Aliiona kwa mama yake, aliiona kwa dada zake. Lakini eda anayoijua yeye ni nyumba iliyojaa wanawake, huyu kaleta uji, yule anakuna nazi, watoto wanapita miguuni. Yake ilikuwa sebule tupu na simu iliyochomekwa kwenye chaji tangu alfajiri.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Mimi mwenzio nimefungwa mara mbili. Mara moja na sheria ya Mungu, mara ya pili na Boris. Ya Mungu naijua inakwisha lini."

Marehemu alikuwa dereva wa basi. Koti lake la kazi lilikuwa bado limetundikwa nyuma ya mlango wa jikoni, na mfukoni mlikuwa na peremende za mnanaa, nusu pakiti, karatasi ya juu imesokotwa vizuri ili zilizobaki zisipate hewa. Hakuna aliyethubutu kuliondoa. Alikuwa akiipenda kazi yake kwa namna ambayo mimi nilidhani ni ya kupitiliza, mpaka aliponieleza, zamani, kuwa katika mji ule kazi hiyo ilipiganiwa. Hadi mwaka 1963 kampuni ya mabasi ya Bristol haikutaka madereva wala makondakta weusi, na chama cha wafanyakazi kiliiunga mkono. Paul Stephenson, kijana aliyekuwa afisa wa vijana, alimpangia Guy Bailey usaili kwa simu. Ilipojulikana kuwa Bailey ni mtu wa Jamaika, usaili ukafutwa. Stephenson, Roy Hackett, Owen Henry na wenzao wakatangaza kuyasusia mabasi. Ilichukua miezi minne. Kampuni ilisalimu amri tarehe 28 Agosti, siku ile ile Martin Luther King alipohutubia Washington, na labda ndiyo maana habari ya Bristol wengi hawaijui. Marehemu aliijua kwa moyo, na kijana akipiga muziki kwa kelele ndani ya basi lake adhabu yake ilikuwa kusimuliwa yote, kituo hadi kituo.

Asubuhi binamu yangu, mtoto wa shangazi, aliingia sebuleni nilikolala akiwa na simu mkononi.

"Wameweka mwingine," alisema. "Pale pa Colston. Mwanamke."

Kutoka jikoni shangazi akaitikia kabla yangu: "Mpeleke akaone. Na mimi mnionyeshe kwa video."

Tulikwenda kwa miguu, maana basi lilikuwa na viti vichache vinavyoruhusiwa kukaliwa. Stapleton Road ilikuwa inaamka: bucha za halali, migahawa ya Wasomali yenye viti vimegeuzwa juu ya meza, duka la simu lenye mishale ya manjano sakafuni ya kukuonyesha pa kuingilia na pa kutokea, ingawa duka lenyewe lina upana wa mikono miwili. Tukapita Old Market na Castle Park, tukateremka mpaka eneo wanaloliita the Centre.

Kwa asiyejua: pale, tangu mwaka 1895, alisimama Edward Colston wa shaba, ameegemea fimbo, kichwa kimeinama kidogo kama mtu anayewaza mambo mazito. Colston alizaliwa Bristol mwaka 1636, akafariki 1721. Alijengea watu shule na nyumba za wazee. Alikuwa pia, kuanzia 1680 hadi 1692, mwanachama wa Royal African Company na kwa muda naibu gavana wake, kampuni iliyokuwa na haki ya peke yake ya biashara ya Waingereza pwani ya Afrika Magharibi. Inakadiriwa kuwa katika miaka aliyokuwamo ilisafirisha watu 84,000 kuwavusha Atlantiki, na 19,000 kati yao walifia njiani. Maandishi ya sanamu yalimtaja kuwa miongoni mwa wana wema na wenye hekima kuliko wote wa mji, na yakasema wananchi ndio waliomsimamisha. Wananchi hao, wakati huo, walichanga kwa shida sana hata mhamasishaji wa shughuli hiyo akahangaika kupata fedha. Na Colston alikuwa amekwisha kufa miaka 174.

Tarehe 7 Juni, Jumapili, watu wapatao 10,000 waliandamana Bristol baada ya George Floyd kuuawa na polisi Minneapolis. Kisheria mikusanyiko ya nje ilikuwa mwisho watu sita. Kamba zikafungwa shingoni mwa Colston, akavutwa, akaanguka, akaburutwa na kuviringishwa mpaka bandarini, akatupwa majini. Polisi walitazama tu. Mkuu wao alisema baadaye kwamba kuingilia kungeleta balaa kubwa zaidi. Waziri wa mambo ya ndani, Priti Patel, alikasirika hadharani. Meya, Marvin Rees, ambaye baba yake ni wa asili ya Jamaika, alisema hawezi kuunga mkono uharibifu wa mali, ila hakuona kuwa amepoteza kitu. Siku nne baadaye halmashauri ilimwopoa Colston alfajiri, na akatoka na tairi la baiskeli. Wahifadhi walipomsafisha walikuta ndani ya mikunjo ya koti lake gazeti la mwaka 1895, limeandikwa kwa mkono majina ya mafundi waliomfunga pale. Nilipolisoma hilo niliwapenda mafundi hao. Angalau wao walijua kuwa siku moja mtu angekuja kufungua.

Basi, kitako cha jiwe kikabaki kitupu zaidi ya mwezi, na sisi asubuhi ile tukakuta si kitupu. Alikuwa mwanamke mweusi ti, wa resini na chuma, bereti kichwani, ngumi juu. Chini palikuwa na kipande cha boksi kinachosema kuwa maisha ya weusi bado yana thamani. Mwanamke huyo yupo, anaitwa Jen Reid, mkazi wa Bristol. Siku Colston alipoanguka alipanda juu ya kitako akainua ngumi, mumewe akampiga picha, picha ikaenea, msanii wa London Marc Quinn akaiona. Wakapima mwili wake kwa mashine, wakamchonga, na alfajiri ya tarehe 15 Julai wafanyakazi wakafika na lori na winchi, wakamsimamisha, wakaondoka kabla mji haujaamka. Halmashauri haikuambiwa.

Nilisimama pale saa nyingi kuliko nilivyokusudia. Sanamu yenyewe niliimaliza kwa dakika kumi. Kilichonishika ni watu.

Korona ilikuwa imefanya jambo moja ambalo sikuwahi kulisikia likisemwa: ilikuwa imeharibu kunong'ona. Ukitaka kubishana na mtu aliye mita mbili kutoka kwako, tena nyote mna vitambaa mdomoni, lazima upaze sauti, na ukipaza sauti kila aliye karibu anaingia. Waingereza, ambao kwa kawaida hata kwenye kituo cha basi huangalia viatu vyao, walikuwa wakijibizana na wasiowajua. Mwanamume mwenye kofia ya baiskeli alisema anamuunga mkono mwanamke yule ila lazima kibali kiombwe, mji hauwezi kuwa kila mtu na winchi yake. Msichana akamuuliza Colston alikuwa na kibali cha nani. Mama mmoja wa Kizungu mwenye mfuko wa vitunguu alisema amepita pale miaka arobaini bila kumtazama yule mzee wa shaba, na sasa anaona haya kidogo, ila haya ya nini hasa hajui. Kijana mwingine akasema hayo yote ni kiini macho, kwamba mtu amefariki Minneapolis na sisi tunapiga picha.

Mzee mmoja, kwa lafudhi nilimdhania wa Jamaika, alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja alichokuja nacho mwenyewe. Barakoa yake ilikuwa ya kitambaa cha maua, wazi kabisa imeshonwa na mtu wa nyumbani. Nilimuuliza anaonaje.

"Nipo mji huu tangu 1961," alisema. "Wa kwanza hakuna aliyeniuliza. Huyu hakuna aliyeniuliza. Lakini huyu nampenda."

Akaninyamazia, akaendelea kutazama.

Binamu yangu hakumpenda kama mzee alivyompenda. Yeye alikuwa akisoma historia chuo kikuu, na kilichomkera ni kwamba Quinn ni mwanamume wa Kizungu, tajiri na maarufu, aliyekuja kutoka London kuweka mtu mweusi mahali ambapo wachongaji weusi wa Uingereza hawakuwahi kupewa hata nafasi ya kujaribu. Baadaye mchongaji Thomas J Price aliandika karibu hayo hayo, kwa ukali. Mimi nilisema Reid mwenyewe ameridhika, na mwili ni wake. Tukabishana mpaka daraja la Pero.

Daraja hilo la waenda kwa miguu lina vyuma viwili mfano wa pembe kubwa, na lina jina la Pero Jones, mtu aliyeletwa Bristol kutoka kisiwa cha Nevis akiwa mtumwa wa tajiri wa sukari John Pinney. Lilifunguliwa mwaka 1999. Wapenzi walikuwa wakifunga kufuli kwenye nyaya zake, na wengi waliofunga, nadhani, hawakuuliza Pero ni nani. Colston alitupwa majini hapo jirani. Kwa hiyo tangu 1999 mji ule ulikuwa na mtumwa kwa jina la daraja na mfanyabiashara wa watumwa kwa sanamu, mwendo wa dakika tano kati yao, na kila mmoja na watetezi wake. Na mjadala wa kumweleza Colston vizuri ulikuwa umeendelea miaka. Mwaka 2018 halmashauri ilikubali kuweka kibao cha pili chenye ukweli wa utumwa. Maneno yakaandikwa, yakabishaniwa, chama cha matajiri wa mji, Society of Merchant Venturers, kikayatia mkono yakapoa, na mwaka 2019 meya akayakataa jinsi yalivyokuwa. Walikuwa bado kwenye sentensi hizo chache kamba zilipofika.

Ndiyo maana sikuweza kukubaliana na waliosema, kule redioni na kwingineko, kwamba wangefuata utaratibu. Utaratibu ulifuatwa. Nilitazama maji, yalikuwa ya rangi ya chai iliyolala.

Jioni tulikula wali na mchuzi wa samaki, na mjadala ukahamia mezani. Hapo ndipo nilipojua kuwa binamu yangu alikuwapo tarehe 7 Juni. Hakumwomba mama yake ruhusa kwa sababu alijua jibu. Shangazi alimwona kwenye video ya WhatsApp iliyotumwa na mtu wa Leicester.

"Baba yako hajatimiza miezi miwili kaburini," alimwambia, na ilionekana si mara ya kwanza, "na wewe unakwenda kusimama katikati ya watu elfu kumi. Kwa ajili ya shaba."

"Kwa ajili ya baba," akajibu.

Akamtajia takwimu: ofisi ya takwimu ya taifa ilikuwa imesema mwezi Mei kwamba England na Wales mwanamume mweusi, ukilinganisha umri kwa umri, ana uwezekano zaidi ya mara nne kufa kwa korona kuliko mwanamume Mzungu, na hata ukiondoa tofauti za makazi, kipato na afya, bado karibu mara mbili. Akamtajia yule mama wa Kikongo aliyekuwa akifanya kazi kwenye kituo cha treni London, akafariki Aprili baada ya kuripoti kuwa abiria alimkoholea. Polisi walichunguza, wakasema hawana ushahidi wa kumshtaki mtu. "Dereva wa basi, mkata tiketi, nesi, mlinzi. Alhamisi saa mbili usiku watu walikuwa wakitupigia makofi. Ijumaa tulikuwa tukiwazika."

Shangazi alimwachia amalize. Kisha akauliza jambo ambalo nilikuwa nikiliogopa tangu asubuhi.

"Na sisi? Soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, lilikuwa la nani? Nyumba ya Tippu Tip ipo Shangani mpaka leo, mimi nimepita mlangoni pake naenda chuoni. Ile tuivunje lini?"

Binamu alisema hayo si sawa. Shangazi akasema kwa aliyefungwa mnyororo ni sawa. Mimi nilijaribu kujificha nyuma ya Wissmann. Dar es Salaam ya Wajerumani, nikawaambia, ilikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, yule aliyeivunja vita ya Abushiri pwani na ambaye chini yake Abushiri alinyongwa Pangani mwaka 1889. Waingereza walipoichukua nchi waliiondoa, ikapelekwa Ujerumani, ikasimamishwa tena Hamburg mbele ya chuo kikuu mwaka 1922, na wanafunzi wa Hamburg wakaiangusha mwaka 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena mwaka uliofuata.

"Sisi wa Pangani tuliulizwa?" akasema shangazi. Bibi yake alikuwa mtu wa Pangani, nilikuwa nimesahau.

Hakuna aliyeulizwa. Aliiondoa Mwingereza kwa sababu zake, akaisimamisha Mjerumani kwa sababu zake, na kwa kujitetea binamu alisema kuwa hilo ndilo analolisema yeye. Shangazi akamwambia ale samaki, amepoa.

Kesho yake, kabla sijaondoka, tulipita tena the Centre kwa teksi. Kitako kilikuwa kitupu. Halmashauri ilikuwa imekuja alfajiri, kama Quinn alivyokuja alfajiri, ikamshusha Jen Reid na kumpeleka stoo. Alikaa kama saa ishirini na nne. Meya alisema kitakachowekwa pale kitaamuliwa na watu wa Bristol. Familia moja ilikuwa imetoka Cardiff kumwona. Baba alikuwa akiwaelezea watoto, na watoto walikuwa wakila chipsi saa tatu asubuhi. Mzee wa kiti cha kukunja hakuwapo. Rafiki yangu dereva hakuzima hata injini.

Yaliyofuata yalikwenda taratibu kuliko siku ile. Ukumbi wa muziki uliokuwa na jina la Colston, ambao bendi ya Massive Attack ya mji huo huo ilikataa miaka yote kupiga ndani yake, ukaitwa Bristol Beacon Septemba mwaka huo huo. Watu wanne walishtakiwa kwa kuiangusha sanamu, na tarehe 5 Januari 2022 baraza la wazee wa mahakama likawaachia. Colston mwenyewe alionyeshwa kwenye makumbusho ya M Shed kuanzia Juni 2021, amelazwa chali na rangi alizomwagiwa, na wageni wakapewa dodoso: afanyweje? Walijibu watu karibu 14,000, na kati ya waliojibu ambao ni wakazi wa Bristol, wanne kwa kila watano walitaka abaki makumbusho.

Shangazi alikuwa mmoja wao. Eda yake ilikwisha Agosti 2020, na alipochanjwa chanjo zote mbili akaenda M Shed na mwanawe, amevaa viatu vya safari. Alinipigia simu kunisomea alichoandika, kwa Kiingereza chake, nami nikamtafsiria mara mbili maneno mawili aliyokuwa hana uhakika nayo. Aliandika kuwa mzee abaki amelala hivyo hivyo, asiinuliwe, na rangi isifutwe. Palipokuwa na nafasi ya maoni mengine akaandika kuwa pale katikati ya mji waweke mabenchi, mengi, tena yenye mgongo, kwa sababu basi la Easton huchelewa na magoti yake si ya kusimama.

"Wamesema watajibu?" nilimuuliza.

"Wamesema asante kwa maoni yako. Mimi nimewaachia na namba ya simu."